Uso Uliongoja Msasa

Siku mliyonikatia keki ya kustaafu mliniomba niseme machache. Nilisema asante nikashika kisu, nikaendelea kuwagawia vipande. Haya basi ndiyo machache yenyewe, nimeyaandika hapa nyumbani ambapo hakuna wa kunikatiza. Vyeo na mishahara nimeviacha nje. Anayevitaka aulize ofisi kuu, huko havikosi wa kuvizungumzia.

Wengi wenu mmeikuta nyumba yetu ya sanaa ikiwa na kibao kikubwa barabarani, lakini watu wa Nunguni bado wanaiita Kwa Mtaliano. Aliyeijenga alikuwa kontrakta wa barabara. Wazee wanasimulia kwamba alipatamani kwao, na kwa kuwa hakurudi, akajijengea kwao hapa mlimani: kuta za mawe, matao pande zote nne za ua wa ndani, kisima katikati, na dari ya sebule iliyochorwa mawingu na watoto wanene wenye mabawa. Jumba zima hilo lilikuwa la mtu mmoja. Hakuwa na mke wala mtoto. Mzee Mbuvi, aliyekuwa mpishi wake, aliniambia kwamba jioni Mtaliano alikaa chini ya matao akitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, kisha akamwita Mbuvi aje akae naye, hata kama hakuna la kusema.

Baada ya Mtaliano kuondoka, baraza la wilaya liliirithi nyumba na kukaa nayo miaka bila kujua la kuifanyia. Ilikuwa kubwa mno kuwa ofisi ya chifu, na baridi mno kuwa zahanati. Mwishowe mtu mmoja barazani akakumbuka kwamba sisi Wakamba tunachonga, na kwamba kazi zetu nzuri zote huishia Mombasa na Nairobi mikononi mwa watalii. Ndivyo nyumba ya sanaa ilivyopatikana.

Shida ya kwanza ilikuwa dari. Akina mama wa kanisa walioalikwa siku ya kufungua walitazama juu, wakawaona wale watoto hawana hata kitambaa, wakatoka na kuimbia nyimbo zao uani. Baraza likamleta mchoraji wa mabango ya hoteli kutoka Mtito Andei, naye akawavalisha wote kaptura za bluu. Nimewaona wageni wakisimama chini ya kaptura hizo kwa muda mrefu wakitafuta maana yake. Sikuwahi kuwaharibia raha hiyo.

Mimi nilifika kazini siku ya kwanza nikiwa na tai, tena ya kuazima. Nilidhani naenda kuketi ofisini. Mzee Mbuvi, ambaye baraza lilimbakiza kama mtunzaji, aliitazama ile tai akanipa brashi ya manyoya ya mbuzi. Mbao haipendi maji, alisema. Unafuta kutoka juu kwenda chini, usirudi ulikotoka. Kila asubuhi unainama kuangalia chini ya viti na vinyago. Ukiona unga laini sakafuni, ujue wadudu wako ndani wanakula, na uitenge kazi hiyo kabla haijaambukiza nyingine. Madirisha ya mashariki yafunguliwe jua likitoka, yafungwe ukungu ukianza kupanda. Aliniambia yote hayo asubuhi moja, kisha karibu wiki nzima hakuniambia kitu kingine.

Brashi zangu nimewaachia kwenye droo ya chini. Ile yenye mpini uliofungwa kamba ilikuwa yake. Tafadhali msiitumie kuondolea utando wa buibui.

Sitawadanganya: kazi hii ni ya upweke. Nunguni ni mahali pa watu wenye shughuli. Mtu aliyeamka alfajiri kukama ng'ombe na kupeleka maziwa hana sababu ya kuja kutazama kigoda wakati anacho kama hicho jikoni. Kulikuwa na siku nyingi ambazo ukungu ulijaa uani mpaka sikuweza kukiona kisima, na mtu pekee niliyesema naye alikuwa Mzee Mbuvi. Alipostaafu, na baadaye kufariki, hata huyo sikuwa naye. Nilianza kuvisalimia vinyago asubuhi. Siku niliyojikuta nimesimama nikingoja vijibu, nilijikanya.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna mhubiri aliyekuja na kundi lake kukemea mapepo ndani ya vinyago. Niliwaacha wakemee, kwa kuwa sheria yetu ilikataza kugusa, haikukataza kuomba. Walipochoka niliwapa chai, na mhubiri akanivuta pembeni kuniuliza kama kile kigoda chenye nakshi za waya kinauzwa. Kuna mbuzi aliyeingia wakati wa mvua na kula kikapu cha ukindu kilichokuwa kimeshinda tuzo. Mwenye mbuzi aliniomba msamaha, mwenye kikapu hakunisamehe. Lakini hizo ni kesi za siku moja. Ninayotaka kuwaachia ni moja tu, na ilinichukua sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Ile sanamu ya mwanamke aliyeketi, yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mikono imelala magotini na uso umeinuka kidogo kama mtu aliyeitwa, haikuja kwetu ikiwa hivyo mnavyoiona. Ililetwa na ndugu wa mchongaji, jamaa mpole sana. Mchongaji aliitwa Nzioka, na alikuwa amefariki ghafla, akiacha karakana yake wazi. Ndugu yake aliogopa mchwa wataimaliza, akaibeba na kutuletea. Uso wa sanamu wote ulikuwa na alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea, zimepangana shavuni na kwenye paji la uso, na kando ya mdomo zilikuwa zimeingia ndani. Mtaalamu mmoja kutoka Nairobi aliizunguka sana, akasema ni mwanamke mzee ambaye maisha yake yote yapo usoni, na kwamba mchongaji alikuwa jasiri kuiacha hivyo bila kuipaka ulaini. Kibao kikaandikwa "Ajuza Anayesikiliza". Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe ile mikunjo ilinikumbusha nyanya yangu, na kila nilipoifuta nilipunguza nguvu ya mkono.

Sanamu ile ndiyo iliyotuletea wageni. Watu walipanda mlima kutoka barabara ya Mombasa ili waione yenyewe tu, wakaipiga picha na kushuka.

Siku moja ya soko aliingia mama mmoja muuza mboga. Hakutazama dari wala vinyago vingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanamu, na kabla sijasema neno akaipitishia kidole gumba shavuni. Nilimwambia kwamba hairuhusiwi kugusa. Aliondoa mkono mara moja, akageuka.

"Hii haijatoka," alisema.

Alikuwa Mama Kioko, mjane wa Nzioka. Aliketi kwenye benchi akanieleza. Katika karakana yao mume alishika tezo na kisu, mke akashika msasa. Nzioka hakuwahi kulainisha kazi yake mwenyewe, na yeye hakuwahi kugusa tezo. Kazi ilisemekana imetoka pale tu mke alipoimaliza na kuipangusa. Kabla ya hapo ilikuwa bado mkononi, na Nzioka hakukubali hata kusifiwa kwa ajili yake. Sanamu hii ilikuwa ya mwisho. Alikuwa ametua tezo, amemwambia mkewe kesho ni zamu yako, na kesho yake walikuwa wanachimba kaburi. Shemeji yake aliileta huku yeye akiwa bado ndani ya matanga.

"Si mniachie tu nimalize, Baba Ndunge," alisema, kwa kuwa Nunguni ni ndogo na alishajua mimi ni baba wa nani. "Sitaki kuichukua. Nataka itoke."

Nilimpelekea ofisa wangu ombi hilo. Ofisa akasema kazi ya msanii aliyefariki haiguswi, na ukianza kuwaruhusu jamaa za wasanii waje kurekebisha, mwishowe utabaki na nini. Hakuwa mjinga. Ukisimama mahali pake utaona sababu. Alipohamishwa nilimpelekea ombi lile lile aliyemfuata, na akanijibu vile vile. Baraza likaondoka, serikali ya kaunti ikaja, maofisa wakabadilika, jibu likabaki.

Mama Kioko naye hakuacha kuja. Kila siku ya soko, akishamaliza kuuza, alipanda hadi kwetu, akaweka kapu lake mlangoni na kukaa kwenye benchi mbele ya sanamu. Mwanzoni nilimwachia nafasi. Baadaye nilizoea kuleta chupa ya chai na vikombe viwili, naye akaleta nduma zilizochemshwa, bado moto ndani ya kitambaa. Tulizungumza juu ya mvua na juu ya Kioko wake, dereva wa lori, ambaye alimpigia simu akiwa anakula Mtito Andei na kukata kabla mama hajamaliza kuuliza. Mara nyingine hatukuzungumza kabisa.

Katika miaka hiyo mke wangu alifariki. Ndunge wetu alikuwa ameshaolewa Nairobi. Niliporudi kazini baada ya mazishi nilikuta kwamba kazini na nyumbani sasa pana ukimya mmoja, nikawa natoka kwenye huu naingia kwenye ule. Mama Kioko hakuniambia pole nyingi. Siku ya soko iliyofuata alikuja na nduma kama kawaida, akamimina chai yeye mwenyewe, akanisukumia kikombe.

Nitasema wazi kwa sababu sasa hakuna wa kunicheka: niliishi nikingoja siku ya soko. Asubuhi yake nilinyoa ndevu vizuri. Nilijua pia jambo lingine, kwamba mama huyu haji kwa ajili yangu, anakuja kwa ajili ya kazi iliyobaki, na siku atakayoruhusiwa kuimaliza hatakuwa na la kumpandisha mlima. Kila ofisa alipokataa nilimsikitikia Mama Kioko kwa moyo wote. Kisha nilikwenda kuchemsha maji ya chai, na sikuweza kusema nilikuwa na huzuni.

Hata hivyo sikuacha kuomba, kwa sababu macho yake yalianza kwenda. Mtoto wa jicho aliingia jicho moja, kisha la pili, na matibabu hayakumsaidia sana. Akawa anapanda njia kwa fimbo, anautafuta mlango kwa mkono. Siku moja alinionyesha viganja vyake akavigeuza.

"Hivi vidole bado vinaona," alisema. "Vikianza kutetemeka sina kingine, Baba Ndunge."

Ndipo akaja Mwende. Mnamjua kama bosi wenu, kwa hiyo sitamsifu mno. Nilimweleza habari ya Mama Kioko wiki yake ya kwanza, nikiwa tayari nimejua jibu. Alingoja siku ya soko, akaja kukaa nasi kwenye benchi, akala nduma, akamwuliza mama walivyokuwa wakifanya kazi tangu gogo linapoingia mpaka linapotoka. Alipoondoka aliniambia atalipeleka ombi kwenye kamati inayosimamia nyumba.

Kamati ilikaa sebuleni, chini ya kaptura. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alisema kwa upole kwamba mama haoni, kwamba mkono ukiteleza mara moja tu hatuna sanamu nyingine ya namna ile, na kwamba watu hupanda mlima kuja kuona uso ule ule, si mwingine. Hoja ilikuwa nzito. Kisha wakaniita mimi niseme, kama mtunzaji.

Nilijua kwamba nikisema sijui, mambo yataisha hapo, na siku ya soko tutakunywa chai. Niliwaambia nilichokiona. Tangu siku ile ya kwanza nilipomkanya Mama Kioko hakuugusa uso ule tena, ingawa mara nyingi nilimwacha naye peke yake nikaenda jikoni. Angetaka kuuharibu angeshauharibu. Alikuwa anangoja kuruhusiwa, na mtu wa namna hiyo mkono wake hautelezi. Mwenyekiti aliniangalia, akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema hapana. Wakakubali.

Mwende aliagiza kwanza sanamu ipigwe picha pande zote, zile picha zilizopo ukutani sasa. Kisha tuliibeba hadi uani, tukaiweka kwenye mkeka karibu na kisima, penye mwanga, ingawa mwanga ulikuwa kwa faida yetu. Mama Kioko alivua viatu akaketi. Aliupapasa uso wote kwa vidole kabla ya kuanza, kuanzia nywele hadi kidevuni, bila haraka. Alianza na msasa mkali, kisha wa kati, kisha ule laini ambao unausikia kidogo tu mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuishika sanamu isitikisike na kupuliza unga. Akiniambia "geuza" nageuza. Akiniambia "umeilaza vibaya" naiinua. Ilituchukua siku kadhaa, alikuja hata zisizo za soko, na nataka mjue kwamba katika kazi yangu yote hakuna siku nilizofurahi kama hizo.

Siku ya pili au ya tatu niliona jambo ambalo nilidhani ni macho yangu. Kadiri alama za tezo zilivyoondoka, ndivyo uso ulivyozidi kuwa wa mtu mwingine. Mikunjo ya paji ilikwisha. Ile mifereji ya kando ya mdomo, ambayo mtaalamu alisema ni huzuni, haikuwa mikunjo hata kidogo. Ilikuwa njia za tezo zikingoja kulainishwa, na chini yake kulikuwa na shavu lililojaa. Mwende alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Huyu si mzee," alisema polepole. "Huyu ni msichana."

"Nzioka alinichonga vile nilikuwa akinioa," Mama Kioko akajibu, bila kusimamisha mkono.

Nilimwuliza kwa nini miaka yote hiyo, tukikaa mbele ya kibao kinachosema ajuza, hakuniambia. Alicheka, meno yote nje.

"Ningewaambia hiyo ni mimi nikiwa mrembo, mngeniruhusu? Mngesema mama anataka kujipamba."

Tulicheka sote, Mwende mpaka akakaa chini. Kisha mama akarudi kwenye kazi. Siku ya mwisho alipaka nta kwa kitambaa, akasugua, akapitisha kidole gumba shavuni pale pale alipokipitisha siku ya kwanza. Safari hii sikumkanya. Sikuona machozi, lakini nilitazama kwingine ili abaki na sanamu yake peke yake.

"Imetoka," alisema.

Alinawa mikono, akanywa chai, akaniambia asante kwa Kikamba, akavaa viatu. Nilimsindikiza hadi langoni na kumwambia tutaonana siku ya soko. Alisema haya.

Siku ya soko nilichemsha maji. Nilileta vikombe viwili. Iliyofuata nilileta vikombe viwili tena, nikijiambia mguu unamsumbua. Mwishowe nilileta kimoja. Wageni waliendelea kuja. Wengine waliipenda sanamu mpya, wengine walisimama mbele ya zile picha na kusikitikia ile ya zamani. Niliwaeleza wote habari ya tezo na msasa, na kibao kilibadilishwa, kikiwa na majina mawili sasa, la Nzioka na la mkewe. Nilifanya hivyo mpaka siku mliponikatia keki.

Sasa niko nyumbani. Ndunge hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa, na hunisihi niende nikae nao Nairobi, nami humwambia nitafikiria. Asubuhi nafungua madirisha ya mashariki kwa mazoea. Wiki iliyopita siku ya soko ilipofika, nilinyoa ndevu, nikashuka sokoni.

Nilimkuta Mama Kioko mahali pake, amekaa juu ya gunia, kabichi zimepangwa mbele yake. Nilimsalimu, akanijua kwa sauti, akafurahi kweli. Aliniuliza habari za Ndunge. Nilimwambia nimestaafu, akasema ni vizuri nipumzike. Nilijikaza nikamwuliza mbona hakuja tena kuiona sanamu, hata mara moja.

Alinigeuzia uso kama mtu anayejaribu kuelewa swali.

"Kwani kuna kazi imebaki?" aliuliza.

Nilifikiri. Nilimwambia hapana, hakuna iliyobaki.

"Haya basi," alisema, bila ubaya wowote, na akageuka kumhudumia mama mwingine aliyekuwa akingoja. Nilibaki nimesimama. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana kupita, na sikuwa na kikapu wala sababu ya kuwa pale. Alipomaliza aliniuliza kama anipe kabichi. Mimi hata ndogo hunichukua wiki nzima na kabla sijaimaliza imeshanyauka. Nilimwambia anipe. Mkono wake ulikwenda kwa zile ndogo, nikamwambia hapana, ile kubwa, kubwa kuliko zote.

Aliipapasa, akaipima kwa viganja vyote viwili, akatabasamu.

"Kumbe leo uko na wageni," alisema.

Nikasema ndiyo.